Land Rover 109 kwa akiba ya mshahara: kiungo kimoja kwa mwezi

Baba yangu alifariki akiwa na kadi ya Land Rover kabatini. Gari lenyewe halikuwepo. Alilipeleka gereji moja likiwa linatembea, linavuja oili na kutoa moshi, lakini linatembea. Fundi akalifumua lote kwa wiki moja: injini kwenye kona, giaboksi chini ya mwembe, milango imeegemezwa ukutani. Hela ya baba ikaisha kabla hata boliti moja haijarudi mahali pake. Kila tulipokwenda kulitazama tulikuta kitu kimepungua, leo stata, safari nyingine rejeta. Mwishowe ilibaki chesesi tupu na nyasi zimeota katikati.

Kwa hiyo niliponunua la kwangu nilijiwekea sharti moja, na maelezo yote yanayofuata yametokana na sharti hilo: nafungua mfumo mmoja tu kwa wakati, kwa hela ya mwezi huo, na kila mwisho wa mwezi gari linasimama kwa magurudumu yake manne. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Karatu. Nina shamba la vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na nilichoka kulipia usafiri wa magunia. Nilikuwa na uwezo wa kutenga shilingi 150,000 kwa mwezi. Kazi ilichukua miezi 19.

Kabla hujatoa hela

Gari langu ni 109 ya Series III, pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25. Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na namba 109 ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Nililikuta chini ya mgunga Mang'ola, limekaa miaka sita, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mwenye gari alikuwa akinionyesha bodi, kwamba haina kutu. Ni kweli haikuwa na kutu, ila hilo halisemi lolote. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Alumini haipigi kutu nyekundu. Chesesi ndiyo ya chuma, na ukuta ule ulio kati ya injini na miguu ya dereva nao ni wa chuma. Hapo ndipo pa kutazama.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, vaa nguo ya kazi, ingia chini. Gonga chesesi kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kinajibu kama kengele. Chuma kilichooza kinatoa sauti ya kufifia, puu, kama unagonga kibuyu chenye maji. Ukisikia hivyo, sukuma bisibisi: ikizama, pana tundu. Sehemu zinazooza kwanza ni chuma kile cha nyuma kabisa kinachokingama, ile mikono inayotoka pembeni kubeba bodi chini ya milango, na mahali springi zinaposhikwa. Chesesi hii ni boksi, iko wazi ndani, kwa hiyo tope huingia na kukaa humo. Vumbi la Eyasi lina chumvi na magadi, na likipata maji linakula chuma kuanzia ndani. Mabaka mawili matatu yanarekebishika. Ikiwa pande zote mbili zimeoza pale ekseli ya nyuma inapopita, mshukuru mwenye gari kwa muda wake uende zako, hata akikupunguzia bei kwa nusu.

Kisha karatasi. Namba ya chesesi imegongwa kwenye chuma kinachoshikilia springi ya mbele upande wa kulia. Sugua kwa brashi ya waya mpaka isomeke, ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo hata kama muuzaji ni shemeji yako. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa mwanasheria na umiliki ubadilishwe TRA, mamlaka ya mapato, mapema, wakati muuzaji bado yupo hai na anakukumbuka.

Injini usiogope sana ikiwa haiwaki, ogopa isipozunguka. Uzuri wa Series ni kwamba ina tundu la hendeli mbele. Weka giabox fri, ingiza hendeli, jaribu kuzungusha. Yangu ilikuwa imeganda. Nilitoa plagi zote nne, nikamimina kwenye kila tundu vijiko vichache vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya injini, nikaacha siku tano, nikiongeza kila jioni. Siku ya sita nikaweka hendeli na kuinyonga taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ilipoachia ilitoa mlio mdogo tu, lakini nilikaa chini pale pale kwenye vumbi kwa furaha. Usilazimishe kwa bomba refu wala kwa kulivuta gari likiwa kwenye gia. Utavunja ringi za pistoni ambazo pengine zilikuwa bado nzima.

Daftari na makopo

Mwezi wa kwanza sikununua spea yoyote. Nilinunua daftari kubwa na spana.

Daftari nililigawa sehemu tatu: vitu vya kulisimamisha gari (breki, usukani, springi, chesesi), vitu vya kulitembeza (injini, mafuta, giaboksi, umeme), na vitu vya kulipendezesha. Hakuna senti iliyoruhusiwa kuvuka kwenda sehemu ya tatu kabla mbili za kwanza hazijaisha. Najua wengi huanza na rangi, kwa sababu majirani wanaiona na mtu anapata moyo. Rangi iliyopigwa kwanza itachubuliwa na fundi, itamwagikiwa na mafuta ya breki, na hela yake ndiyo ingekununulia masta silinda, yaani pampu kuu ya breki.

Kuhusu spana: gari hili ni la inchi. Utakazotumia zaidi ni 7/16, 1/2 na 9/16. Fundi atakuambia spana namba 13 inaingia kwenye nati ya 1/2. Inaingia, ila inacheza, na nati iliyoshikana kwa miaka 40 itaviringika kichwa. Hapo utaikata kwa grenda na kununua nyingine. Seti moja ya inchi, hata ya mtumba, inajilipa ndani ya wiki mbili. Boliti ngumu ipulizie dizeli iliyochanganywa na oili siku tatu mfululizo kabla hujaigusa. Kwenye zile ngumu zaidi, jaribu kukaza kidogo kwanza ndipo ufungue.

Kila kitu unachofungua kipige picha kwa simu kabla na baada. Boliti zake ziweke kwenye kopo lake, na karatasi ndani inayosema zimetoka wapi. Nilikusanya makopo ya maziwa kwa wanafunzi wangu mpaka yakajaa kibarazani.

Na jambo moja kuhusu jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala mawe, wala tofali. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Mimi nilikatiwa magogo manne ya mti mgumu, bapa juu na chini, na magurudumu yaliyobaki chini nayawekea kabari pande zote mbili.

Chesesi

Osha kwanza. Nilizibua matundu ya asili ya chesesi kwa waya na kuingiza mpira wa maji mpaka maji yakatoka meupe. Ndoo mbili za udongo zilitoka humo ndani.

Fundi wa kuchomelea anapokuja, simama naye. Kosa lao kubwa ni kubandika bati juu ya kutu. Sehemu iliyooza ikatwe yote hadi ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa, ndipo kiraka cha bati la milimita 3 kichomelewe. Kwenye boriti ndefu za chesesi, ncha za kiraka ziwe zimechongoka kama samaki, zisiwe mstari ulionyooka wima. Mstari wa wima unafanya chesesi ivunjike hapo hapo siku ukiibebesha. Kabla ya kukata, saidia chesesi kwa magogo mahali kadhaa ili isilegee, na kabla ya kuchomelea chomoa waya za betri na za olteneta. Na kama kiraka kiko karibu na tangi la petroli, toa tangi kabisa, lipeleke mbali. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke uliobaki ndani. Tangi lenyewe usimruhusu mtu alichomelee, hata akikuambia ameliosha.

Nje nilipaka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mara mbili, halafu rangi nyeusi ya mafuta. Kwa ndani, ambako brashi haifiki, nilitengeneza dawa yangu: nta ya nyuki, ambayo kwetu inapatikana, niliiyeyusha na oili mpya kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto. Nikaiepua, nikaipeleka mbali na moto, ndipo nikaongeza terapentaini hadi ikawa nyepesi ya kupulizika. Ikishapulizwa ndani, terapentaini inaondoka na nta inabaki imeshika chuma. Oili chafu ya injini, wanayoipenda mafundi wengi, siitumii: inaingia kwenye ngozi ina sumu, na inadondoka udongoni ambako watoto wanacheza.

Springi nilizifungua jani kwa jani, nikasugua, nikapaka grisi na kubadilisha bushi zote. Bushi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha yangu, na ndizo zilizobadilisha mwendo wa gari kuliko kitu kingine chochote.

Breki, hapa usipunguze bei

109 ina dramu kwenye magurudumu yote manne. Toa moja kwa wakati, ili upande wa pili ubaki kama picha ya kutazama springi ndogo zinavyokaa. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu laininga za zamani, zile bitana zinazosugua dramu, zilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi, ukifunge kwenye mfuko.

Kwenye silinda za magurudumu, vuta mipira pembeni: ukiona unyevu, imekwisha. Silinda ikiwa na mashimo ndani usibadilishe mipira tu, nunua silinda nzima, mpya. Hoozi za mpira ziko tatu, mbili mbele na moja nyuma, zote mpya. Shuu zenyewe, vile vyuma vinavyobeba laininga, zinaweza kuvishwa laininga mpya na fundi wa kupigilia riveti, na hapo utaokoa hela ya kutosha bila kupoteza usalama. Mafuta ya breki yawe DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofungwa. Kuna watu huko vijijini wanaongezea oili ya injini au ya hidroliki pale mafuta yanapopungua. Mipira inavimba, breki zinakamata au zinapotea kabisa, na dawa yake ni kubadilisha kila mpira wa mfumo mzima.

Kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie la karibu. Mke wangu alikanyaga pedali, mimi nikiwa chini: kanyaga, shikilia, nafungua, nafunga, achia. Kabla ya hapo rekebisha shuu kwa viboliti vilivyo nyuma ya sahani: zungusha mpaka gurudumu likamate, kisha rudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Ukiruka hatua hiyo pedali itazama hata kama hewa yote imetoka, na utamlaumu masta silinda asiye na kosa.

Usukani wa Series unalegea kwa sababu una viungio vingi. Shika gurudumu la mbele uliloinua, litikise juu na chini, halafu kushoto na kulia, mwenzako akitazama ni kiungo gani kinacheza. Mara nyingi ni tairodi na beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kuna chombo kimoja kimepachikwa wima ndani ya chuma kinachokingama mbele, mafundi wanakiita rile. Ndani yake kuna springi yenye nguvu ya kutisha iliyobanwa. Usiifungue kwa udadisi. Ikiruka inavunja mfupa. Hakikisha ina oili na haichezi, basi.

Yale mapira ya chuma kinachong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele yatavuja kama uso wake umeliwa na kutu. Kila moja linabeba karibu nusu lita ya oili ya gia. Mapya ni ghali, na hiki ni kitu kimoja ambacho niliamua kusubiri: nilijaza grisi laini mahali pa oili na kubadilisha sili. Inatosha kwa mwendo wa shamba.

Injini: pima kabla ya kufungua

Mafundi watatu waliniambia nifanye ovahoo, yaani kufumua na kutengeneza injini nzima. Nilikataa mpaka nipime, na kupima hakugharimu kitu, maana geji ya kompresheni niliazima.

Toa plagi zote, pachika geji kwenye tundu la kwanza, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mizunguko kadhaa. Andika. Fanya hivyo kwa zote nne. Muhimu zaidi ni zifanane. Yangu ya tatu ilikuwa chini sana. Nikamimina kijiko cha oili kwenye tundu lake nikapima tena. Oili ikipandisha kipimo, ringi za pistoni zimechoka, kwa kuwa oili imeziba nafasi kwa muda. Kisipopanda, hewa inatokea juu, kwenye valvu au gasketi. Chake hakikupanda. Kwa hiyo nilifungua silinda hedi tu, valvu zikasagwa zikae vizuri, gasketi mpya, na pistoni hazikuguswa. Ovahoo ningelipia miezi mingi.

Baada ya hapo tapeti, ule uwazi mdogo unaoachwa kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Nafasi ni 0.25 mm kwa valvu zote nane, na kuna hesabu ya tisa ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza: zungusha injini kwa hendeli mpaka valvu namba 1 ishuke kabisa, rekebisha namba 8. Ikishuka 2, rekebisha 7. Ikishuka 3, rekebisha 6. Daima jumla ni 9. Pointi za distribyuta ziwe kati ya 0.35 na 0.40 mm, plagi takribani 0.75, na mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake. Gari linawaka, ukikanyaga linakwenda, lakini sailensa (mngurumo wa injini usipokanyaga) haitulii, linazima kila ukisimama. Watu hununua kabureta nyingine, mara nyingi feki, na tatizo linarudi. Sababu ni kwamba nyuso mbili za kabureta zinapokutana zimepinda kwa kukazwa kupita kiasi, petroli na hewa vinapita mahali pasipostahili. Chukua kioo cha dirisha, weka juu yake msasa laini, usugue uso huo kwa kuuzungusha kama namba nane mpaka uwe bapa wote. Badilisha kipete cha mpira cha ndani. Mimi nilitumia kipande cha kioo na msasa wa shilingi chache, na gari sasa linanguruma taratibu asubuhi.

Themostati usiitupe. Nasikia kila siku kwamba Afrika kuna joto hivyo haina kazi. Karatu iko juu mita 1,500, na asubuhi za Julai tunavaa makoti. Injini isiyofikia joto lake inakunywa petroli na kuchakaa haraka. Kama gari linachemka, tafuta sababu: rejeta imeziba, mkanda wa feni umelegea, pampu ya maji imechoka.

Na chujio la hewa! Series ina chujio la kuogea oili, bakuli la chuma lenye oili chini yake. Vumbi linalovutwa linanaswa na oili. Kwa barabara ya Mang'ola sijaona kitu bora kuliko hiki, na hakina cha kununua: kila wiki ya kiangazi namwaga tope lililotuama, naosha kwa mafuta ya taa, naweka oili safi mpaka kwenye mstari. Ukikuta gari limefungwa chujio la karatasi la gari lingine, au halina kabisa, tafuta lile la asili kwenye skrepa kabla ya kuwasha injini uliyoigharimia.

Tangi nililitia kokoto safi na maji yenye sabuni, nikalitikisa na vijana wawili, nikalisuuza mara nyingi na kulianika siku mbili juani likiwa wazi. Kisha filta ndogo ya petroli kabla ya pampu, kwa sababu kutu itaendelea kutoka kwa muda.

Giaboksi na miguu minne

Giaboksi inayopiga kelele lakini haitupi gia, iache. Fungua boliti za kupimia kiwango, ujaze oili ya gia EP 80W/90 mpaka ianze kuchuruzika: giaboksi kubwa kama lita 1.5, ya chini (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma) lita 2.5, difu ya mbele (boksi la gia lililo kwenye ekseli) lita 1.75. Kama difu ya nyuma ni ile pana yenye mfuniko nyuma yake, aina ya Salisbury, inachukua lita 2.5. Ukikuta giaboksi kubwa imepungua na ya chini imezidi, oili inahama kupitia sili iliyo kati yao. Pima kila mwezi, urudishe.

Jaribu miguu minne, yaani magurudumu yote manne yakivuta, kwenye udongo, sio kwenye lami. Bonyeza kitufe cha njano kwa gia za kasi. Vuta lever nyekundu nyuma gari likiwa limesimama kabisa kwa gia nzito, na hapo miguu ya mbele inaingia yenyewe. Gari hili halina difu katikati, kwa hiyo ukiendesha miguu minne kwenye lami magurudumu yanavutana na kitu dhaifu kuliko vyote kitakatika.

Umeme

Ni mchache na una mantiki. Rangi za waya zinajieleza: kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe inapata moto ukifungua swichi, kijani imepita kwenye fyuzi baada ya swichi, zambarau ina moto muda wote kupitia fyuzi, nyeusi ni ethi. Kabla ya kubadilisha chochote, sugua kila mahali waya nyeusi inapofungwa kwenye chesesi. Taa zangu zote zilizokuwa hafifu zilipona kwa msasa. Usitumie waya za nyumba. Zina uzi mmoja mgumu na mtikisiko utaukata.

Spea

Arusha natafuta mtaa wa Unga Limited. Ikikosekana namwagiza mtu Gerezani, Kariakoo, au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi; Land Rover ziliunganishwa Thika, na upande ule vifaa vyake bado vinapatikana. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, usiende na jina lake tu. Vya mpira, beringi na breki nanunua vipya na vyenye jina linaloaminika. Milango, viti, rimu, springi, dramu na hata difu nzima, mtumba unafaa, ukishavikagua. Sili niliyopata kwa bei ya kutupa ilivuja ndani ya siku nne, nikatoa habu nzima kwa mara ya pili.

Bodi, mwisho kabisa

Nyoosha kwa nyundo ya mbao, na gogo upande wa pili. Pale alumini inapogusa chuma, weka kipande cha mpira wa tairi la ndani katikati, kwa sababu vikigusana na maji yakiingia, alumini inageuka unga mweupe. Riveti ziwe za alumini. Rangi haishiki kwenye alumini tupu bila praima yake maalumu, hivyo hiyo inunue. Mimi nilipaka kijani kwa rola ya sponji, tabaka tatu nyembamba, nikisugua kwa msasa wa maji kati ya tabaka na tabaka.

Safari ya kwanza

Nilikwenda mtupu mpaka Mang'ola na kurudi, na kila nilipoona kivuli nilisimama kugusa habu kwa kiganja. Habu ya moto kuliko zingine maana yake breki inabana au beringi imekazwa mno. Ya nyuma kushoto ilikuwa inachoma. Nikairudisha breki kidogo pale pale barabarani. Baada ya kilomita 500 kaza tena nati za magurudumu, yu-boliti za springi na boliti za silinda hedi, na baada ya hizo za hedi rudia tapeti. Oili ya kwanza imwage mapema, itakuwa imebeba uchafu wote wa miaka ya kukaa.

Gari hili lilitengenezwa kubeba kama tani moja, kwa hiyo hesabu kwa kilo, usihesabu kwa magunia, maana lumbesa ya vitunguu, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, haina uzito wake rasmi. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa magunia sita. Kwenye kupanda nilivuta lever nyekundu, likapanda.

Mwezi huu hela imekwenda kwenye sili za ekseli ya nyuma. Mwezi ujao ni lile pira la mbele kulia. Grisi imeanza kutoka.